Sura ya Sita: Nani Ataiulizia?

Marie Kondo, yule Mjapani aliyewafundisha watu dunia nzima kukunja fulana, ana msimamo mkali kuhusu karatasi. Kwake yeye, mahali pa kuanzia ni kuzitupa zote. Baada ya hapo ndipo anakuruhusu ubakize chache: unazozitumia sasa, unazozihitaji kwa muda, na zile ambazo hazina budi kukaa siku zote. Kitabu chake kimeuzwa kwa mamilioni, na kwenye fulana sina ugomvi naye. Kwenye karatasi, hapana. Mkazi wa Tabata au Mbagala akianza kwa kutupa zote, haitapita miaka mingi kabla hajajikuta mbele ya dirisha la ofisi fulani, karani akimwambia bila hata kuinua macho: "Hii kopi. Leta orijino."

Tuliokuwepo Tanzania mwaka 2017 hatuhitaji kuelezwa. Serikali ilikuwa ikihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na tarehe 28 Aprili Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti mjini Dodoma iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Magazeti yaliandika habari za hao. Ambazo hazikuandikwa sana ni pilikapilika za wenye vyeti halali. Muuguzi aliyekaa wodini miaka ishirini, amepanda vyeo, anaanza kuhesabu muda wa kustaafu, anaambiwa alete cheti chake cha kidato cha nne. Kiko wapi? Kwa mama kijijini? Kwenye begi alilokwenda nalo chuoni? Au alimwachia kaka yake aliyehamia Mwanza? Cheti alikipata kwa jasho lake mwenyewe, hakuiba wala hakununua, lakini dirishani hapapimwi jasho. Panapimwa karatasi.

Kuna wazee waliojifunza somo hilo kwa machungu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977. Nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni yake mwaka 1984. Na bado, miaka ya 2000 ikiwa imeshaingia, waliokuwa wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walikuwa wakiandamana Dar es Salaam kudai stahiki zao. Mzee wa namna hiyo huwezi kumwambia aachane na barua yake ya ajira eti karatasi imeshakuwa ya njano.

Ndiyo maana siviamini vitabu vinavyosema kwamba mrundikano wa karatasi ni uvivu, au ni udhaifu wa mtu asiyeweza kuachana na vitu. Kwetu umetokana na foleni. Tumepangwa foleni, tumerudishwa nyumbani, tumeambiwa njoo kesho na barua ya serikali ya mtaa, na kila mzunguko umetuongezea karatasi pamoja na hofu ya kuitupa. Hofu hiyo ina akili. Kosa lake ni kwamba haibagui: cheti cha kuzaliwa na risiti ya soda vinapewa heshima ileile, vinaingia droo ileile, na siku cheti kinapotakiwa, risiti ndizo zinazokificha.

Droo yenyewe unaijua. Ni ile ya chini kwenye kabati la sebuleni, chini ya televisheni, inayofunguka nusu kisha inakwama kwa sababu kuna kitu kimejiinua ndani. Siku moja tulikaa sakafuni na shemeji yangu tukaimwaga ya kwake juu ya mkeka. Zilitoka risiti za luku zilizojisokota. Ukatoka mwongozo wa matumizi wa friji ambalo lilishauzwa. Kalenda ya benki. Kadi ya kliniki ya mtoto ambaye wakati huo alikuwa chumbani ananyoa ndevu. Fomu za kujiunga na shule, kopi tatu za fomu moja. Picha za paspoti saizi za kijana ambaye hakuna aliyemtambua. Kadi za harusi, nyingi, nyingine za ndoa ambazo zilishavunjika. Kila nilipoinua kitu, shemeji alisema neno lilelile: "Acha kwanza, huwezi jua." Mwishoni kabisa, kikiwa kimegandana na karatasi ya maelezo ya dawa ya minyoo, kikatoka cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa pili, ambacho alikuwa amekitafuta mpaka akakata tamaa na kuanza kuulizia utaratibu wa kupata kingine RITA.

"Huwezi jua" ndilo tatizo lenyewe. Ni jibu lisilokubali kushindwa, maana kweli huwezi kujua. Kwa hiyo nililibadilisha swali. Badala ya kumuuliza shemeji kama karatasi itafaa siku moja, nikamuuliza: "Shem, hii nani ataiulizia?" Hapo ilibidi amtaje mtu. Shule? Benki? TRA? Mahakama? Mwajiri? Ubalozi? Mfuko wa pensheni? Karatasi yenye muulizaji inabaki. Ambayo muulizaji wake ameshapita, au hajawahi kuwepo, inaondoka. Swali la Kondo ni kama kitu kinakupa furaha, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kufurahishwa na fomu ya mkopo. Ila fomu ya mkopo ina mwenyewe, naye anaishi benki.

Chukua risiti ya luku. Muulizaji wake ni mita. Mita ikishazimeza zile tarakimu ishirini na kuongeza yuniti, imemaliza shida yake na wewe. Labda uwe mpangaji mnayechangia mita moja na wenzako, mkagombana nani alinunua mara ya mwisho. Hapo muulizaji yupo, na anaitwa jirani wa chumba cha pili. Siku hizi hata hilo linamalizwa na ujumbe wa simu. Kadi ya kliniki muulizaji wake wa kwanza ni muuguzi, anayetaka kuona chanjo na mstari wa uzito. Mtoto akishakua, muulizaji anayebaki ni mama yake, na mama naye ni muulizaji halali, sitabishana naye.

Swali hilo lina mkia: muulizaji atataka karatasi yenyewe, au atataka kilichoandikwa ndani yake? Hapa watu wengi wanajitesa bure. Namba ya NIDA ni mfano mzuri. Ina tarakimu ishirini, nane za kwanza zikiwa ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na mara nyingi anayekuuliza anataka namba tu. Namba inakaa kwenye simu, na kwenye daftari kwa siku ambayo simu imeibiwa. Haihitaji kopi kumi za kitambulisho zilizosambaa nyumba nzima, kila moja ikiwa na sura yako na saini yako, zikisubiri mtu mwenye nia mbaya.

Baada ya kupepeta hivyo, kinachobaki ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Zipo karatasi ambazo muulizaji wake hafi: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka, vya vifo, vyeti vya shule na vyuo, hati za ardhi na mauziano, kadi ya gari au ya pikipiki, wosia kama upo, na barua za kazi. Za familia nzima, watoto wanne na wazazi wawili, zinaenea kwenye begi la laptopu na nafasi inabaki. Zile kilo nyingine zote zilizokuwa zinakutisha ni risiti, bahasha tupu na kopi za kopi.

Barua za kazi nazitaja kwa makusudi kwa sababu ndizo zinazodharauliwa. Mtu akishapata kazi anaitunza barua ya ajira wiki mbili za kwanza, kisha inakwenda inakojua. Anapostaafu anaulizwa: barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa vyeo. Na anayeuliza huenda asiwe yule aliyekuwepo wakati unaajiriwa. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Mwalimu aliyeanza kuchangia kwenye mfuko mmoja anakwenda kudai mafao kwenye mfuko wenye jina jingine. Ofisi imebadilika, mabosi wamestaafu au wametangulia mbele ya haki, na barua ile moja ndiyo shahidi aliyebaki.

Vyeti vya vifo navyo watu huvisahau kwa sababu hakuna anayependa kuvitazama. Lakini kijana aliyefiwa na mzazi, akimaliza kidato cha sita na kuomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo itataka kuona cheti cha kifo cha mzazi huyo, kikiwa kimehakikiwa RITA pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Msimu wa maombi ukifika, ndipo shangazi anapigiwa simu: "Shikamoo shangazi. Samahani, kile cheti cha kifo cha baba kilibaki kwako?" Shangazi anaitikia marahaba, anasema atatafuta. Dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na shangazi bado anatafuta.

Namna ya kupanga ninayoipendekeza inawaudhi wanaopenda mafaili. Wao hupanga kwa aina: faili la elimu, faili la afya, faili la fedha. Mimi nasema panga kwa mtu. Bahasha moja kubwa ya kaki kwa kila mwanafamilia, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, na bahasha moja zaidi ya nyumba, ardhi na vyombo vya moto. Sababu ni kwamba waulizaji huuliza kwa mtu. Shule haikuulizi vyeti vyote vya kuzaliwa vya ukoo, inamuuliza Asha. Unachomoa bahasha ya Asha, unatoka nayo, unairudisha. Na Asha akiolewa au akienda kujitegemea, unamkabidhi bahasha yake mkononi, anaondoka nayo. Faili la "elimu" lenye vyeti vya watu sita halikabidhiki kwa mtu.

Bahasha hizo zikae kwenye sanduku la bati. Najua tranka limeshakuwa kitu cha wanafunzi wa bweni, lakini bado halina mpinzani. Mchwa hula karatasi kwa sababu karatasi ni mti uliosagwa, na hupenda kuingia kupitia ukutani na sakafuni, kwenye giza, bila kelele. Mpaka uone unga, wameshamaliza kurasa za katikati. Bati linawazuia, na linamzuia panya. Liinue kwenye matofali mawili na uliache kidogo na ukuta. Kwa wa Dar es Salaam, Tanga na visiwani adui mwingine ni unyevu: karatasi hulegea, hushikana, huota ukungu. Folda za plastiki zinazofungwa kwa zipu ni nzuri tu kama karatasi iliingia ikiwa kavu. Ukiweka ikiwa na unyevu wa masika umeifungia ukungu ndani. Toa bahasha kiangazi, zipunge upepo kivulini, rudisha. Na chini ya godoro si mahali pa hati, hasa nyumba yenye kikojozi.

Halafu kuna laminesheni. Sijui nani alituambia kwamba kukifunika cheti kwa plastiki ya moto ni kukiheshimu. Plastiki ile inashikana na karatasi moja kwa moja na haitoki tena bila kuiharibu, ndiyo maana watunza nyaraka wenye taaluma yao hawaitumii kwenye kitu chochote cha thamani. Cheti kikishafunikwa, hakigongwi muhuri nyuma. Mhakiki hawezi kuigusa karatasi wala kupapasa alama iliyochomoza. Ukitaka kukilinda, kitie kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi upande mmoja, unaokiingiza na kukitoa. Unauzwa steshenari yoyote na bei yake haifiki hata ya laminesheni.

Kwenye risiti ndiyo kabisa. Nilikuwa steshenari moja ya mtaani, nikisubiri kopi zangu, akaja baba mmoja na risiti ya EFD ya friji jipya. Ameambiwa waranti ni mwaka mmoja na risiti ndiyo ushahidi, kwa hiyo anataka ilaminetiwe isichakae. Kijana wa mashine alijaribu kusema kitu, yule baba akamwambia, "Fanya tu kijana wangu, hela yako ipo." Risiti ikaingia nyeupe upande mmoja, ikatoka nyeusi upande wa pili. Nyeusi tii, kuanzia jina la duka mpaka jumla. Yule baba aliigeuza, akaigeuza tena, akaishika kwenye mwanga wa mlangoni kutafuta hata tarakimu moja.

Risiti hizo hazichapwi kwa wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Mashine ya EFD inachofanya ni kuiunguza kidogo kwa mpangilio mpaka herufi zitokee. Ukiipitisha kwenye mashine ya laminesheni unaiunguza yote. Na hata usipoiunguza, maandishi hufifia yenyewe kwa jua, kwa mafuta ya vidole, kwa kukaa ndani ya pochi ya plastiki, mpaka ubaki na ukanda mweupe usio na neno. Sheria inakutaka udai risiti unaponunua. Haikuambii kwamba risiti yenyewe ina maisha mafupi kuliko friji. Kwa kitu chenye waranti, toa kopi kwenye karatasi ya kawaida siku ileile, ipige pini pamoja na risiti, iweke kwenye bahasha ya nyumba. Waranti ikiisha, vyote viwili vinaondoka pamoja.

Mwenye duka au biashara, hata ya genge lililosajiliwa, ana hesabu nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na hizo zisichanganywe na za nyumbani hata kidogo. Sanduku lake, kabati lake, na ikiwezekana chumba chake.

Kwa makaratasi mengine ya muda, muulizaji anayeniongoza ni mahakama. Sheria ya Ukomo ya Tanzania Bara inatoa miaka sita kwa mashauri ya mikataba na miaka kumi na miwili kwa kudai ardhi. Mkataba wa pango wa nyumba uliyohama, pamoja na risiti za kodi uliyolipa, unaweza kukaa miaka sita kisha ukaenda zake. Mkataba wa mkopo uliomaliza kulipa vilevile, ila ile barua ya benki inayosema deni limekwisha mimi ningeiacha ikae hata zaidi, kwa sababu kumbukumbu za benki nazo huhama mifumo.

Karatasi za ardhi hazina ukomo nyumbani kwangu. Sehemu kubwa ya viwanja vya pembezoni mwa miji yetu vimenunuliwa kwa hati ya mauziano iliyoandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akasaini, mashahidi wakasaini, muhuri ukagongwa. Mara nyingi muuzaji ni mzee aliyekuwa na shamba. Mzee akifa, watoto wake wanarudi kutoka walikokuwa, wanaona nyumba kwenye shamba la baba, wanauliza kwa nini. Karatasi ile ya kurasa mbili ndiyo inayojibu. Hata ukishapimiwa na kupata hati miliki usiitupe, maana hati miliki inaonyesha kwamba kiwanja ni chako, ila namna kilivyofika kwako inaelezwa na mauziano. Risiti za pango la ardhi zikae nayo.

Hapo ndipo suala zima linapoacha kuwa la usafi wa sebule. Mtu akifariki, familia hukutana: kikao cha ukoo, muhtasari unaandikwa, msimamizi wa mirathi anapendekezwa, maombi yanapelekwa mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo. Kisha msimamizi anatakiwa aseme marehemu aliacha nini. Hapo sebule inakuwa kimya. Wanajua alikuwa na kiwanja Kibaha. Wanajua aliwahi kutaja hisa. Kuna akaunti, lakini benki gani? Mjane anasema mume wake hakumwambia. Kaka wa marehemu anasema anazijua karatasi zilipo, na namna anavyosema inawafanya wengine wote wamtazame.

Wazee wetu wengi huficha kwa sababu. "Wakijua hati ilipo, wataniua," nimesikia ikisemwa, nusu utani. Wengine wanaogopa kwamba mke akijua atawaambia ndugu zake. Siwezi kumaliza hofu hiyo kwa sura moja ya kitabu. Ninachoweza kupendekeza ni karatasi moja ambayo si hati ya chochote: orodha. Kiwanja kipo mahali fulani, hati yake iko mahali fulani. Akaunti iko benki fulani. Namba ya uanachama wa mfuko wa pensheni ni hii. Nadaiwa na fulani, namdai fulani. Orodha haihamishi mali, mtu akiiiba hajaiba kiwanja. Iwe na tarehe, na wajue ilipo watu wawili wasioishi nyumba moja. Kama unataka kwenda mbele zaidi, RITA huandika na kuhifadhi wosia, na wosia uliohifadhiwa huko hauchanwi na mtu aliyewahi kufika chumbani kabla ya wengine. Kati ya yote niliyoandika kwenye sura hii, kama mtu atafanya moja tu, ningependa liwe hilo la orodha.

Tukirudi kwenye lile rundo lililobaki kwenye mkeka, namna ya kuliondoa nayo ina mambo yake. Kila aliyenunua karanga au kashata mtaani ameshasoma maisha ya mtu kwenye kile kipande cha karatasi: mtihani wa jiografia wa mtoto asiyemjua, taarifa ya akaunti ya benki, majibu ya maabara yenye jina kamili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazibana taasisi. Lakini karatasi ulizozimwaga jalalani mwenyewe hakuna wa kumshitaki. Zenye jina, namba ya akaunti au namba ya NIDA zichane, au ziloweke kwenye ndoo usiku kucha kisha uzifinye ziwe uji. Madaftari ya watoto yasiyo na siri mpe muuza karanga kwa moyo mweupe.

Nyumba zinazopikia mkaa zina njia fupi zaidi, na ina hatari yake. Anayewasha jiko saa kumi na moja na nusu alfajiri hasomi. Anachukua karatasi iliyo karibu. Kwa hiyo weka boksi la jiko, karibu na mkaa, lenye karatasi zilizokwisha kuhukumiwa, na sheria ya nyumba iwe kwamba karatasi ya kuwashia haitoki popote pengine. Risiti za EFD zisiingie humo. Zile kemikali zake si za kufukizia chakula. Karatasi za madrasa zenye aya, na kurasa za msahafu uliochakaa, haziendi jikoni wala jalalani: huchomwa mahali safi na majivu yake yakafukiwa, au zenyewe huzikwa mahali pasipokanyagwa. Kila familia ya Kiislamu inalijua hilo, ila msichana wa kazi aliyeanza jana huenda hajaambiwa.

Kuhusu kupiga picha kila kitu kwa simu, sitasema mengi. Piga. Picha ya cheti itakusaidia kukumbuka namba, na itakuokoa nyumba ikiungua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki hata mahakamani. Karani wa dirishani, kwa bahati mbaya, hakuhudhuria semina hiyo. Kinachotia moyo ni kwamba baadhi ya karatasi zimeacha kuzaliwa kabisa: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, na ile stakabadhi ya kila mwaka iliyokuwa inajaza droo haipo tena.

Zimebaki kadi za harusi. Hizi huwa na kazi mbili maishani mwake: ya kwanza inakuja kuomba mchango, ya pili inakuja kukuruhusu kuingia ukumbini, imeandikwa kama ni ya mtu mmoja au wawili. Asubuhi ya baada ya sherehe kadi haina muulizaji tena, na shemeji, baada ya kusitasita, alikubali zote ziende boksi la jiko. Kilichoshindikana ni daftari lenye jalada gumu lililokuwa chini yake. Ndani kulikuwa na majina, safu baada ya safu, ya waliomchangia harusi yake, kila jina na kiasi, mengine yakiwa na alama ya vema ya wino wa rangi nyingine. "Hili?" nikamwuliza. Akalichukua mkononi mwangu. Wenye alama ya vema ni wale ambao alisharudisha, watoto wao walipooa au walipofiwa. Ambao hawana alama bado wapo hai, wana mabinti wa umri wa kuolewa, na siku ya kikao kila mmoja wao anakumbuka alitoa ngapi. Daftari liliingia kwenye bahasha ya nyumba na ardhi, pamoja na hati.